Mke Aliyezaliwa Ruiru

Siku niliyoanza kazi ya ukarani na ukalimani katika ofisi ya vibali mjini Thika, Karani Mkuu hakuniuliza jina. Alitazama viatu vyangu, akatazama kola ya shati langu, kisha akanionyesha stuli iliyokuwa kati ya meza ya Mzungu na dirisha la wenyeji.

"Utakaa hapo katikati," akasema. "Maneno yakitoka huku, unayapeleka kule. Yakitoka kule, unayaleta huku. Ukiyaonja njiani, unarudi kwa mama yako kulima."

"Ndiyo, bwana."

"Na usicheke. Watu watasema mambo ya kuchekesha. Wala usilie."

Nilikuwa kijana wa shule ya misheni, nikiamini kwamba sheria ni kama mto Chania: unaweza kufurika, lakini hauwezi kupanda mlima. Stuli ile ilinifundisha kwamba mito ya serikali hupanda popote inapotaka.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ambayo sisi tuliiita Imajensi. Kila Mkikuyu alipaswa kuwa na pasibuku, kijitabu chenye picha kilichosema alale wapi na afanye kazi wapi. Kutoka Ruiru hadi Thika, safari ambayo harufu ya maua ya kahawa huimaliza kwa upepo mmoja, mtu alihitaji ruhusa. Naye mgeni kutoka nje ya koloni alihitaji kibali cha ukaaji, na kibali kilihitaji mdhamini. Mdhamini ni mtu anayesimama mbele ya serikali na kusema: huyu ni wangu, akiugua ni wangu, akikosa nikamateni mimi. Kwa mke, mdhamini alikuwa mume. Ndivyo agizo lilivyosema.

Niliwahi kuuona utaratibu huo ukienda vizuri. Msimamizi mmoja wa shamba la mkonge, Mzungu, alimleta bibi harusi kutoka ng'ambo. Mkubwa wetu, ofisa wa wilaya tuliyemwita Bwana DO, aliinuka, akawapa mkono, akaagiza chai, na muhuri ukagongwa kabla chai haijapoa. Hakuna aliyemuuliza yule binti baba yake ni nani. Niliwafurahia kwa moyo wangu wote. Nalisema hili ili mjue kwamba hasira yangu haikuwa juu ya mapenzi ya mtu yeyote.

Kisha akaja Njuguna.

Njuguna alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa katika shamba moja la Ruiru, mtu wa mabega mapana na sauti ya chini. Hapo kabla alifanya kazi kwenye mashamba ya Moshi, Tanganyika, na huko akamwoa Aikande, binti wa Kichagga, kwa mila ya kwao, kwa pombe ya mbege na mbuzi. Imajensi ilipokuja, Wakikuyu wa kule walikusanywa wakarudishwa Kenya kama mifugo. Aikande hakufukuzwa na mtu. Alipanda lori kwa miguu yake mwenyewe akaketi kando ya mumewe. Lakini watu walipohesabiwa katika kijiji cha Ruiru ambako serikali iliwakusanya, ikaonekana kwamba hana kijitabu chochote. Sasa walisimama dirishani, mtoto mgongoni mwa mama.

Bwana DO alipenda kuanza kwa Kiswahili chake cha shambani. "Yeye iko kabila gani?"

"Mchagga, bwana," nikajibu. "Ni mke wa huyu. Mume amekuja kumdhamini."

Hapo akahamia Kiingereza, nami nikaanza kubeba. Alisema Mkikuyu hawezi kudhamini. Mtu ambaye mwenyewe yuko chini ya ulinzi wa serikali hawezi kusimama kwa ajili ya mwingine.

"Serikali inanilinda na nini?" Njuguna akauliza.

Nikalipeleka swali. Lililorudi ni amri: mwanamke avuke mpaka arudi kwao kabla mwezi haujaisha.

Aikande alizungumza Kiswahili kizuri kutuzidi sote. "Bwana, kwetu mwanamke aliyeolewa harudi nyumbani mpaka agombane na mumewe. Nikirudi, mama ataniuliza nimegombana na nani. Nimwambie ni wewe?"

Mimi nilikatazwa kucheka. Waliopanga foleni hawakukatazwa. Bwana DO akawa mwekundu hadi masikioni, akatupa maneno kama mtu anayemtupia mbwa mfupa usio na nyama: huyu mwanamke angekuwa Mkikuyu, angempa pasibuku leo hii. Lakini mtu habadilishwi kabila, au vipi?

Nikayavusha. Kwenye benchi alikuwa mzee Gathecha, jirani aliyemsindikiza Njuguna. Akakohoa, akaegemea fimbo yake.

"Mwambie inawezekana. Kwetu mgeni huzaliwa."

Ni mila ya zamani ya Wakikuyu, nanyi vijana huenda hamjaiona. Nyumba ikimpenda mtu wa mbali, humchinjia mbuzi na kumzaa upya. Tangu siku hiyo ni mtoto wa ukoo ule: atakula nao, atagawiwa nao, na akifa watamlilia. Bwana DO akaweka kalamu chini. Alipenda mila jinsi watu wengine wanavyopenda vipepeo, wawachome pini na kuwatazama.

"Vizuri sana," akasema. "Basi baba yake Njuguna amzae."

Nilipolitafsiri hilo, foleni ilipasuka.

"Uui! Baba mtu amzae?" bibi mmoja akapiga kelele. "Awe dada ya mumewe? Na huyo mtoto mgongoni tumwite nani, mwiko?"

"Wazungu huoa dada zao?" mwingine akauliza. "Karani, hebu muulize!"

Hilo sikulipeleka. Mzee Gathecha alisubiri kelele zitulie. "Mwambie Njuguna ni wa ukoo wa Acera. Msichana lazima azaliwe ukoo mwingine. Mimi ni wa Ambui. Nitamzaa mimi." Halafu akamgeukia Njuguna, aliyekuwa ameficha uso kwa kofia. "Na wewe, kuanzia leo acha kunizoea. Mimi ni baba mkwe."

Haikuwa rahisi. Mikutano ilikuwa imekatazwa, na kuchinja mbuzi pamoja na kuvishana ngozi kulitiliwa shaka kuwa ni kiapo cha wapiganaji wa msituni. Watu walikuwa wakifungwa kwa ugali na nyama walizokula wakiwa wengi. Bwana DO akatoa ruhusa kwa masharti: iwe mchana, homgadi, wale walinzi wa kijiji wa serikali, wasimame pale na bunduki, nami niende Ruiru kuwa shahidi.

Fikirini hilo. Mtu azaliwe mbele ya bunduki ili aruhusiwe kulala na mume wake.

Mke wa mzee, Wangari, aliketi chini uani, miguu ameitandaza, na Aikande akaketi katikati ya magoti yake, mgongo kifuani kwa mama huyo mpya. Akavishwa mkononi ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi aliyechinjwa. Ilibidi alie kama mtoto mchanga. Akaona haya.

"Lia, mtoto!" wanawake wakamchokoza. "Ama unataka kuzaliwa bubu? Njuguna, ulituletea bubu?"

Akaanza kwa mzaha, sauti nyembamba ya kujilazimisha. Kisha kitu fulani kikafunguka ndani yake na kilio kikawa cha kweli, akimwita mama yake kwa Kichagga. Upepo ulipita kwenye mibuni. Wangari akamkumbatia kwa nguvu.

Sajini wa homgadi akaruka. "Simameni! Ngozi hiyo ni kiapo. Ninaijua!" Akamkamata Aikande mkono.

Wangari hata hakuinuka. "Wee, koma! Mtoto hajaoshwa tayari unamshika? Si wewe ulizaliwa kwa mbuzi kabla ya kutahiriwa, kama wavulana wote wa hapa? Ngozi hiyo hiyo ulivishwa, nikiwa pale. Na ulilia kuliko huyu!"

Kicheko kikazunguka ua mzima, hadi kwa askari wake. Sajini akauachilia mkono, akaenda kusimama karibu na ua wa miiba, akitazama barabara kana kwamba barabara ndiyo iliyomleta.

Hivyo Aikande akapata pasibuku yake. Kabila: Mkikuyu. Njuguna aliibeba kazini akawaonyesha watu kama anavyoonyesha mtu picha ya harusi.

Lakini kijitabu kile kilikuwa na meno. Sasa kwa kuwa alikuwa Mkikuyu, alitolewa kila asubuhi pamoja na wanawake wa kijiji kuchimba handaki la kuzungushia nyumba zao wenyewe. Jua likishuka, alifungiwa ndani kama wao. Hakulalamika. Alisema afadhali handaki lenye Njuguna kuliko mgomba usio naye.

Kisha habari zikaja kutoka Moshi. Mama yake alikuwa mgonjwa sana, alitaka kumwona yeye na mjukuu. Wakaja dirishani, mume, mke na mzee Gathecha. Bwana DO yule yule akafungua pasibuku ile ile aliyoitia sahihi.

"Wakikuyu hawaruhusiwi kuingia Tanganyika," akasema. "Ni agizo la upande ule, si langu."

"Lakini mimi ni Mchagga," Aikande akasema.

"Hapa imeandikwa Mkikuyu."

"Wewe ndiwe uliyetaka niwe!"

"Mimi sikukuzaa."

Nakumbuka ladha ya maneno hayo kinywani mwangu nilipoyavusha. Mzee Gathecha akainuka.

"Mwambie sisi tulimwongezea mama. Hatukumnyang'anya wa kwanza."

Nililipeleka neno kwa neno, na sauti yake nikaipeleka pia, kwa nguvu iliyomfanya Karani Mkuu ainue kichwa. Bwana DO akatazama saa yake na kuniambia nimwite anayefuata. Tuliandika ombi la kibali maalumu. Mama yake Aikande alikufa ombi likiwa halijajibiwa. Halijajibiwa hata leo.

Nilitumikia miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakubwa wengine, na hatimaye chini ya bendera nyingine. Nimestaafu, naishi kwenye shamba dogo upande wa Murera, na vijana hunijia na karatasi zao. Binti ameolewa na mtu wa mbali, kijana ameoa ng'ambo ya mpaka. Wananiambia wametakiwa walete picha za harusi, walete majirani, wathibitishe kwamba wanapendana. Wathibitishie nani? Ofisi haikuwapo walipochumbiana. Haitakuwapo mmoja atakapomfumba mwenzake macho. Enyi watu wa ofisi, mwulizeni mtu kama ana maradhi ya kuambukiza, mwulizeni kama ameua. Ila mtu akisema huyu ni mke wangu, na mke akisema huyu ni mume wangu, mnatafuta neno gani lingine?

Pasibuku zilipokwisha, Aikande alikwenda kwao. Njuguna ndiye aliyenisimulia. Wachagga wana mmea uitwao isale, wanaoupanda mipakani mwa mashamba. Aliyemkosea mwenzake hufunga fundo jani lake na kumpelekea, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe. Aikande alichuma jani, akalifunga, akaliweka juu ya kaburi la mama yake kwenye migomba, akaomba asamehewe kwa kutofika.

Yeye ndiye aliyeomba. Hapo ndipo hasira yangu inapokataa kuzeeka. Katika miaka yote niliyokaa ofisini, hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kunituma nimpelekee Aikande jani.