Niliyoyatafsiri Hospitalini

Niliolewa vilimani karibu na Nyamache, kwa kijana aliyekuwa ameanza kulima pareto. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nimepoteza mimba tatu, zote zikiwa zimeshaanza kucheza tumboni.

Kila mara ilikuwa vilevile. Sikuumwa sana. Nilihisi uzito kiunoni, kisha maji yakamwagika, kisha mama mkwe, ambaye alikuwa mkunga wa kijiji, akanigeuza nielekee ukutani na kunikataza kutazama.

"Ametoka akiwa ameshakwenda," aliniambia kila mara. Alimfunga mtoto kwa leso, akatoka naye nje, akarudi na uji.

Baada ya yule wa tatu, kanisani siku ya Sabato, wanawake wenye mimba walianza kuhama benchi nililokalia. Sikuwalaumu. Nami nilijiogopa. Nilipokuwa peke yangu nikichuma maua ya pareto, nilisikia mtoto mchanga analia upande wa nyumbani. Nikitua kikapu nisikilize, sauti inakoma. Nikianza tena kuchuma, inaanza. Sikumwambia mtu, kwa kuwa nilijua wangesema nimerukwa na akili, au wangesema neno baya zaidi.

Mume wangu ndiye aliyeamua twende hospitali, Kisii mjini. Safari ya kwanza walitutoa damu sote wawili. Alipoambiwa akunje shati, alishangaa.

"Damu yangu imefanya nini?"

"Hatujui," sista akamjibu. "Ndiyo sababu tunaipima."

Alikunja shati huku akitazama mlangoni asije akaonekana na mtu wa kwetu. Majibu yalipotoka, damu zetu zilikuwa safi. Daktari akasema bado kuna kipimo cha mfuko wa uzazi, na kwamba nikirudi nije na mama aliyenizalisha.

Nilidhani mama mkwe atakataa. Hakukataa. Alivaa gauni lake la kanisani, tukaondoka.

Mume wangu aliachwa nje kwenye benchi. Ndani tulikuwa wanne: daktari, ambaye alikuwa Mhindi wa makamo mwenye haraka; sista aliyetoka mbali na hakujua Kikisii; mama mkwe, ambaye hakujua Kiswahili; na mimi, niliyefika darasa la saba kwa hiyo nikawa mkalimani.

"Muulize mama," sista akaniambia, "maji yalikuwa yanatangulia?"

Niliuliza. Mama mkwe akasema ndiyo, maji kwanza, na uchungu ulikuwa kidogo tu. Nikatafsiri. Daktari akaandika, kisha akamnong'oneza sista.

"Muulize kama watoto walikuwa wanatoka wakiwa wamekufa."

Swali hilo nililiuliza bila wasiwasi, jibu lake nilikuwa nalijua. Mama mkwe alitazama mikono yake. Halafu akasema, kwa Kikisii, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Mwambie yule wa kwanza alihema."

Nilimgeukia.

"Anasema nini?" sista akauliza.

"Anasema," nikaanza, na Kiswahili kikanipotea. "Anasema wa kwanza alihema."

"Na wengine?"

Sikuhitaji kutafsiri. Mama mkwe alikuwa ameelewa kwa kumtazama sista usoni. "Wote," akasema. "Wa mwisho alikuwa na nguvu. Nilimshika tangu nilipoteleka maziwa mpaka yakachemka. Alikuwa anafungua mdomo hivi." Akaufungua wake kidogo, akaufunga.

Yote hayo niliyatamka mimi, kwa mdomo wangu, kwa lugha ya shule. Daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa anakitafuta. Alifurahi. Sikumchukia kwa hilo, lakini uso wake ule sijausahau.

Kisha nikapanda kitandani. Daktari alitumia vyuma vyembamba, vya baridi, akianza na kidogo, kisha kikubwa zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu. Hayakuja. Vilipita bila kuzuiwa na kitu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Mlango wa mfuko umelegea," sista akanieleza nikivaa. "Mtoto akianza kuwa mzito, unafunguka wenyewe. Ukishika mimba nyingine, njoo mapema, daktari ataushona. Watoto wako hawakuwa na kasoro yoyote, dada."

Alisema hivyo kunituliza.

Tulipotoka nilimvuta mama mkwe nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia mashuka.

"Kwa nini hukunipa nimshike, hata mmoja?"

"Ungemsikia, usingethubutu kushika mimba tena," akasema. "Nilitaka ubaki na moyo wa kujaribu. Nikasema nitawasikia mimi peke yangu." Halafu akaketi chini kwenye nyasi na gauni lake la kanisani, akalia kwa sauti, na mimi nikiwa nimesimama sijui kama nimwinue au nimwache.

Nilimwuliza walikuwa nani. Wasichana wawili, akasema, na yule wa mwisho mvulana.

Mume wangu nilimweleza jioni hiyo hiyo. Asubuhi alimwomba mama yake amwonyeshe mahali alipowazika, nyuma ya nyumba kwenye migomba, akapazungushia ua wa miti akiwa peke yake.

Mwaka uliofuata nilishika mimba. Walinishona, wakanilaza wodini miezi mingi, miguu ya kitanda ikiwa imeinuliwa kwa matofali. Binti yangu alizaliwa akilia kwa nguvu. Mama mkwe alikuja kumwona, lakini hakumpokea. Alisimama mbali mikono nyuma, mpaka mtoto alipolala, akaamka, akalia tena. Ndipo akasema, "Haya, nipe."

Kilio cha shambani kilikoma baada ya kipimo kile. Nilifikiri ningefurahi.

Binti yangu alipofikia umri wa kwenda shule aliniuliza ule ua ni wa nini. Sikumficha. Nilimwambia mle wamo dada zake na kaka yake. Aliyapokea maneno hayo kama watoto wanavyopokea mambo, na tangu siku hiyo kila akipita na mtungi kwenda kisimani aliwaamkia kwa sauti kubwa, kama mtu anayepita kwa jirani. Mimi nikiwa jikoni, mwiko mkononi, nilikuwa nikiacha kukoroga, nikisikiliza, mpaka nyayo zake zipotee mteremkoni.