Kikao cha Ndoa Ndani ya Kasri

Kasri lile, siku hizi hoteli, nadhani lilijengwa na mtu aliyewaogopa sana majirani zake. Mlango wake wa mbele, kwa hesabu yangu, ulihitaji wanaume wanane na ng'ombe mmoja kuufungua. Mke wangu aliusukuma kwa mkono mmoja, mwingine umeshika begi.

"Mwepesi tu," alisema.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu tulipotoka nyumbani Alexandria, Virginia.

Wiki tatu kabla ya hapo aliniambia, huku anakunja nguo, kwamba amepata chumba College Park na mwisho wa mwezi anahama. Hakulia, hakugomba. Mimi nikaleta mzaha, nikamuuliza kule kwa watoto wa chuo anaenda kuwasongea ugali? Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamwomba wikiendi moja tu kabla hajaondoka, mahali pazuri kuliko pote nitakapopata. Alikubali kwa sharti.

"Siku mbili. Mimi na wewe. Basi."

Kosa lilikuwa langu, sizunguki. Kwa miaka minne nilikuwa naegesha magari ya wageni hotelini tangu alfajiri, jioni nakimbilia shule ya usiku kutafuta cheti cha sekondari nilichokikimbia ujanani. Yeye alikuwa anamhudumia bibi mmoja mgonjwa kule Rockville. Akirudi, mimi ndiyo natoka. Tukawa watu wa kupishana mlangoni: habari, nzuri, chakula kiko jikoni. Cheti nilikipata, na siku ya mahafali nilipiga vigelegele mpaka nusu ya Virginia ikajua. Yeye alipiga makofi, akasema, "Hongera. Sasa tuone kama utakuwepo." Nikadhani ananitania.

Ijumaa ile tulipewa chumba chenye bafu la kuogesha kwaya nzima pamoja na mpiga kinanda wao. Kwenye chakula cha jioni nililetewa kipande cha nyama kama kifungo cha shati, katikati ya sahani pana kama ungo. Nikakigeuza, nikachungulia chini yake.

"Unatafuta nini?" mke wangu akauliza.

"Wenzake."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza, na mimi, kwa furaha, nikaagiza kifungo kingine.

Asubuhi ya Jumamosi tulikaa bustanini kwenye benchi la mawe, tumejifunika shali lake moja. Majani yalikuwa yameshageuka rangi. Akaniuliza, bila kunitazama:

"Unajua kama yule bibi yangu wa Rockville alifariki?"

"Alifariki? Lini?"

"Februari."

Tulikuwa Oktoba.

"Nilirudi nalia," alisema. "Ukanipita mlangoni na daftari zako, ukaniambia niwahi, chakula kinapoa."

Mimi ni mtu ambaye hata msibani hakosi neno. Pale nilimvutia shali begani tu.

"Usiniahidi kitu," akaendelea. "Nataka unisikilize mpaka nimalize. Funguo za College Park sijazichukua bado."

"Nasikiliza."

Akavuta pumzi ili aanze. Na hapo gari likapiga honi.

Ngoja nieleze. Kwetu ndoa ina wasimamizi, mume na mke waliosimama nanyi kanisani siku ya harusi. Nyumba ikitikisika mnawaita, wanasikiliza pande zote mbili, wanaonya, wanaomba. Wasimamizi wetu nao walihamia huku Marekani, wako Rockville. Niliwapigia siku ileile alipokunja nguo, na baadaye nikawatumia anwani ya kasri. Sharti la mke wangu nililikumbuka, lakini nilijiambia kwamba wasimamizi si watu wa nje.

Msimamizi alishuka amevaa suti ileile ya harusi yetu, vifungo vimeshagoma. Mkewe alikuwa na kitenge na hotpoti la pilau.

"Maharusi wetu!" mama msimamizi akaita kutoka mbali.

Mke wangu akaniuliza taratibu, "Umewaita?"

"Ni watu wetu hawa."

"Umewaita?"

"Ndiyo."

Akainuka, akaniachia shali, akaenda kuwapokea. Alimwamkia mama kwa kukunja goti kabisa, akachukua hotpoti. Tukaketi kwenye ukumbi wa maktaba, chini ya sanamu la askari wa chuma.

"Shemeji," msimamizi akaanza, "sema wewe kwanza. Tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo, kaka."

"Mwanamke hahami bila tatizo."

"Nilikuwa namwambia mwenyewe hapo nje. Nimeshamaliza."

Hakuwa amemaliza. Hata sentensi ya kwanza hakuifikisha. Mama msimamizi akaingia na somo la uvumilivu, jinsi yeye alivyomvumilia mumewe tangu wako Dodoma, na mumewe akaitikia kwa kichwa kama anayesifiwa. Kila mama akipumua, mke wangu anasema, "Nimesikia, dada." Nikatupa mzaha kwamba hata yule askari wa chuma ameguswa. Hakuna aliyegeuka. Tukaombewa. Kisha mke wangu akawanawisha mikono kwa jagi la hoteli, akawapakulia pilau, mimi akaniwekea nyingi zaidi.

Walipoaga, akasema, "Dada, naomba mnisogeze College Park."

"Si mko hapa mpaka kesho?"

"Yeye yuko mpaka kesho."

Wasimamizi wakatazamana. Huwezi kumnyima mtu lifti.

Magari ndiyo kazi yangu, kwa hiyo begi lake nililipakia mwenyewe, nikalilaza vizuri nyuma, nikamfungulia mlango. Nikamwambia nitabadilika.

"Ungeniacha nimalize tu," alisema, akafunga mkanda.

Jioni msimamizi akanipigia. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Tumemfikisha salama. Ametushukuru sana! Sasa tupange kikao cha pili, safari hii tumwite na mchungaji."

"Sawa, kaka," nikamjibu. Akaanza kunitajia Jumamosi ambazo ana nafasi.