Niliacha Chuo cha Tabora kwa Ajili ya Kija

Siku ya kwanza chuoni mwalimu aliingia darasani, akafungua daftari la mahudhurio, akasafisha koo, akaita.

"Fausta Melkior."

"Nipo."

Akafunga daftari.

Nikageuka nyuma. Viti vimepangwa vizuri, vimefutwa vumbi, havina mtu. Darasa zima la uhasibu lilikuwa mimi.

Wadau, msicheke. Au chekeni tu, maana hata mimi mwanzoni nilicheka.

Kwetu ni Kibaoni, Mpimbwe. Baba ni mkulima wa mpunga. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, uhasibu. Sikutaka uuguzi, sikutaka ualimu. Napenda hesabu ikilingana pande zote mbili, nasikia raha kabisa, kama wengine wanavyosikia raha ya mziki.

Rafiki yangu Kija naye alitaka hivyohivyo. Kija ni Msukuma, baba yake mfugaji, wanakaa nje kidogo ya Kibaoni. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Na kwa kuwa pale kwetu Wapimbwe na Wasukuma tunataniana, urafiki wetu ulikuwa matusi matupu.

Asubuhi akiniona: "Mpimbwe, umeoga leo au unasubiri masika?"

Namjibu: "Eh, kumbe ni wewe! Nikadhani kuna ng'ombe kapotea."

Mgeni akitusikia angekimbilia kuita mgambo.

Sheria ya utani mnaijua. Mtani hakasirikiwi. Mtani anaweza kusema lolote, popote, hata mbele ya wazazi, watu wakacheka na maisha yakaendelea. Hilo ndilo lililotuponza.

Twende kwenye chuo sasa. Mimi nilikuwa nimeshapata nafasi Tabora. Chuo cha siku nyingi, kozi ya uhasibu inajulikana, hosteli ipo. Kija naye alipata. Baba yake akasema Tabora ni mbali, mtoto wa kike akae karibu.

Ndipo tukaona tangazo la chuo kipya Mpanda. Jina nalihifadhi. Walikuwa wanafundisha ushonaji na mapishi, na mwaka ule ndiyo walikuwa wanaanza uhasibu. Tangazo lilikuwa na picha ya vijana waliovaa suti, wanacheka na kompyuta. Tukakubaliana pale pale steshenari: tutapanga chumba kimoja, tutapika sufuria moja, tutamaliza pamoja.

Baba aliniuliza swali moja tu. "Fausta mwanangu, chuo unachagua kwa kichwa au kwa Kija?"

"Kwa vyote, baba."

Akatikisa kichwa, akaenda zake shambani. Nafasi ya Tabora nikaiacha ipotee.

Wiki ya mwisho kabla ya kufungua, tulikutana sokoni. Kija alikuwa amefuatana na baba yake. Aliponiona tu, akapaza sauti soko zima likasikia.

"Nyie watu, mwoneni huyu Mpimbwe! Eti anakwenda Mpanda kunisubiri! Nenda Tabora, mjinga wewe! Mimi ng'ombe wameshaingia zizini, nimeshaolewa!"

Soko likaangua kicheko. Baba yake naye akacheka. Mimi ndiyo usiseme, niliinama nikashika mbavu.

"Ng'ombe wenyewe bila shaka wamekonda kama wewe!" nikamjibu. "Waambie waje wawachukue!"

Watu wakapiga vigelegele. Kija alicheka kuliko sisi wote, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Nikaenda Mpanda.

Nilipanga chumba Majengo, kikubwa, cha watu wawili. Nikanunua sufuria ya watu wawili. Nikaanza kumsubiri Kija. Simu yake haikupatikana. Nikajiambia mtandao, chaji, si unajua huko porini. Chuo kikafunguliwa, nikaitwa jina, daftari likafungwa.

Mwalimu Optatus alikuwa mtu mwema, na nadhani naye alikuwa anateseka. Alisimama mbele akafundisha kwa sauti ya watu hamsini. Akiuliza swali, anazungusha macho darasani kama anayechagua.

"Nani atatujibu hapa?"

Kimya.

"Haya, Fausta."

Kuna siku alitoa kazi ya kikundi. Nikajadiliana mwenyewe, nikajipinga kidogo, nikakubaliana. Wasichana wa ushonaji walinipa jina, wakawa wananiita Darasa. "Darasa limefika." "Darasa leo linaumwa." Walikuwa hawana ubaya, lakini wao walikuwa wengi na mimi nilikuwa mmoja.

Upweke sikuwa naujua kabla ya hapo. Nyumbani tumezaliwa wengi, hata kulala ni kugombania shuka. Mpanda nikawa napika ugali, nakula, unabaki. Nikitoka kanisani Jumapili, kila mtu ana wa kuongea naye getini, mimi nasimama nikijifanya natafuta kitu kwenye pochi. Na siku za treni, honi ikilia kule stesheni, nilikuwa najua inakwenda Tabora, nami naziba masikio kwa mto.

Nilimchukia Kija. Nasema ukweli wangu. Niliamini kapata chuo kizuri zaidi akaniacha kwenye mataa.

Muhula ulipoelekea katikati, mkuu wa chuo akaniita ofisini. Kwa upole sana akaniambia kozi ya uhasibu inafungwa, hawawezi kuendesha darasa la mtu mmoja, na usajili wenyewe wa kozi bado haujakamilika. Kama napenda, nihamie ushonaji.

Nikatoka pale sina hata machozi. Nikapitia sokoni kununua nyanya, maana hata ukifukuzwa lazima ule. Nikawa nazigeuzageuza moja moja bila kuziona.

"Mpimbwe! Nunua nyanya, acha kuzipapasa! Za baba yako hizo?"

Nikainua macho.

Kija. Amekaa nyuma ya fungu la nyanya, kajifunga khanga mbili kama mama mtu mzima. Pembeni yake bibi mmoja mnene anapanga vitunguu.

"Mama, huyu ndiye mtani wangu niliyekuwa nakwambia," akamwambia yule bibi. Kumbe mama mkwe.

Nikainama kama nachagua nyanya.

"Umeolewa?"

"Si nilikwambia?"

"Kija! Ulikuwa unanitania!"

"Baba alikuwa amesimama pale pale, Fausta. Simu kaichukua. Ningekwambiaje?" Aliongea chini chini, anafunga nyanya ambazo sijaziomba. "Nikajua jioni utakuja nyumbani kuniuliza. Nikakungoja."

Sikwenda. Jioni ile nilikuwa nyumbani nawahadithia wadogo zangu ule utani, tunacheka upya.

Na alikuwa anakaa Kasokola. Kasokola hapo! Pikipiki inafika kabla hujauliza bado kiasi gani. Wakati mimi nabaki na ugali Majengo, yeye alikuwa hapo hapo, anakuja kuuza nyanya soko nisilopenda kwenda.

Mama mkwe akasogea karibu. Hapo hapo Kija akapandisha sauti.

"Mama, hebu mwone huyu mwehu! Eti anadhani mimi nalia kwa ajili ya shule! Anadhani mume wangu atakataa nisome hapa hapa mjini! Hajui Luhende ana akili kuliko ukoo mzima? Mwambie aje amuulize mwenyewe, achapwe fimbo!"

Bibi wa watu akacheka mpaka vitunguu vikadondoka. Mimi sikucheka. Safari hii nilisikiliza neno kwa neno.

Jumapili nikachukua boda nikaenda Kasokola.

Luhende nilimkuta kijana mrefu, mpole, mtu wa kukaribisha. Akachinja kuku. Tukala. Nikaona nimuingie kwa njia ya heshima, yaani kwa utani, kama inavyotakiwa.

"Shemeji, wewe ni Msukuma gani? Umetoa ng'ombe wa mhasibu, halafu unamkalisha kwenye nyanya! Mpeleke chuo mwakani, la sivyo ninyi mmepunjwa!"

Luhende akapiga paja, akacheka mpaka akakohoa. "Wapimbwe mna maneno nyie!" Akamwita mdogo wake aje asikie. Nikatakiwa nirudie. Nikarudia. Wakacheka wote. Mlangoni mwa jiko Kija naye alikuwa anacheka, kile kicheko chake kirefu.

Nikakaa pale na paja la kuku mkononi. Nilikuwa nimetoa la moyoni kabisa, na kila mtu alikuwa anafurahi. Ndipo nikajua siku ile kwenye soko la Kibaoni, katikati ya watu wote wale, Kija alikuwa peke yake kiasi gani. Mimi na viti vyangu tulikuwa na nafuu.

Nikaweka nyama chini.

"Shemeji, leo sitanii."

Kwa mtani, hilo ni neno zito kuliko tusi. Mdogo mtu akatazama chini, akatoka taratibu.

"Kija anataka kusoma uhasibu. Ameutaka tangu tuko kidato cha kwanza. Ndoa yenu ni yenu, siingii. Lakini hili analilia, na hajui namna ya kukwambia."

Luhende akamgeukia mkewe. "Ni kweli?"

Kija akatoka mlangoni mwa jiko, akaja mpaka alipokaa mumewe. Akaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekwambia mara nyingi," Kija akasema. "Kila mara ulicheka."

Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Akanawa mikono taratibu, akaifuta. Mwisho akasema mwaka huu hawezi, wazee hawatamwelewa, lakini mwakani atalisimamia mwenyewe.

Mimi niliomba upya, nikaenda Tabora kwa treni. Kilekile chuo nilichokiacha. Safari hii nilichagua kwa kichwa, na nilikwenda peke yangu. Darasa lilijaa mpaka tunagombea viti, na bado kwa muda mrefu nilikuwa naweka daftari kwenye kiti cha pembeni, mtu akija naliondoa.

Luhende alikaa kwenye neno lake. Mwaka uliofuata alizunguka vyuo vya Mpanda na pikipiki, anakagua usajili wa kozi kama anayekagua dume la kununua. Kija anamaliza mwaka huu. Mimi nimeshamaliza, niko kwenye ofisi moja hapa hapa Mpanda mjini. Kila mmoja alisoma kwake. Ile ndoto ya chumba kimoja na sufuria moja haikutokea, na haitatokea tena. Wakati mwingine inaniuma.

Wadogo zangu mnaochagua vyuo, usikubali picha ya suti. Uliza kama kozi yenyewe unayoitaka imesajiliwa, siyo chuo tu. Uliza waliotangulia wako wapi. Na usimfanye rafiki yako ndiyo chuo, maana rafiki naye ana mzigo wake ambao pengine hauoni.

Mtani akikuchekesha, cheka. Ukimaliza kucheka, mfuate kwao ukamuulize.