Kunegunda na Kitambaa cha Meneja

Kunegunda Ngonyani hakuwa na mdomo mchafu. Alikuwa na mdomo usioogopa, lakini watu wa Bombambili, mtaani kwao Songea, hawakuijali sana tofauti hiyo. Alipomaliza masomo ya kompyuta Dar es Salaam, mwaka wa tisini na tano, wenzake walibaki hukohuko wakigombania maofisi ya wawekezaji. Yeye akapanda basi akarudi Songea. Chama kimoja cha wakulima wa tumbaku, kikiwa kimebanwa na wanunuzi binafsi walioruhusiwa kuingia sokoni, kilikuwa kimepewa kompyuta na wafadhili na kutangaza nafasi ya mtaalamu wa kuiendesha. Kunegunda aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote.

Akaipata, lakini kwa majaribio. Maombi yake yalisomeka "K. Ngonyani," na meneja, Bwana Isidori, alikuwa akimngojea Kaspari au Kristofa. Alipoona sketi mlangoni, uso ulimshuka.

"Karibu, binti. Utaanza na taipu."

"Shikamoo, Bwana Meneja. Wa taipu ninamwona pale anapiga. Mimi nimekuja kwa tangazo la kompyuta."

Kompyuta yenyewe ilikaa katika chumba chenye zulia, viatu vinaachwa nje, nayo imevikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, kazi ya mikono ya mke wa meneja. Mjini hapa redio ilivikwa, kochi likavikwa, sembuse kompyuta! Shida ni kwamba Bwana Isidori aliifunika hata ikiwa inawaka. Kunegunda akitoka kunywa chai, akirudi anaikuta imefunikwa gubigubi, ina joto la chungu kilicho mekoni. Mara inazimika, na kazi ya asubuhi nzima imepotea.

"Bwana Meneja, hii inapumulia nyuma. Ukiifunika inapata joto, inazimika."

"Binti, kitu cha thamani hufunikwa. Kwenu hamna vitambaa?"

Ikazimika tena, na tena, wakulima nao wakawa wanalalamika kwamba hesabu za msimu zinachelewa. Hapo ndipo Bwana Isidori alipopata mchawi wake. Akawanong'oneza wajumbe wa bodi, mmoja mmoja, kwamba wanawake wana siku zao za mwezi, na mashine nyeti namna ile haipatani nazo. Wee! Msomi mzima, tai shingoni! Kikao kikaitishwa kuamua kama Kunegunda arudishwe kwenye taipu au aondoke kabisa. Alipozipata habari hizo alilia, tusidanganyane. Alilia kwa hasira, kisha akanawa uso akapiga pasi blauzi yake.

Kwenye kikao Bwana Isidori aliumauma maneno. Mara "maumbile," mara "hali fulani fulani." Mwenyekiti, Mzee Ramson, mkulima wa kule Namtumbo, akawa anamkodolea macho tu. Kunegunda akasimama.

"Shikamooni, wazee wangu. Meneja anaona haya, ngoja nimsaidie. Anasema nikiwa kwenye siku zangu, mashine inazimika. Haya, leo niko kwenye siku zangu. Twendeni tukaione."

Wazee walitazama sakafu. Mmoja akakohoa, mwingine akatafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake. Lakini walikwenda. Wakavua viatu mlangoni, wenye soksi nzima na wenye soksi zilizotoboka. Kunegunda akakivuta kile kitambaa, akakikunja vizuri, akamkabidhi meneja.

"Kishike wewe, Bwana Meneja. Kinachoizima ni hiki."

Akaiwasha. Akaandika, akapiga hesabu, akachapa, karatasi zikitoka kwa kelele, mpaka wajumbe wakaanza kuulizana habari za chakula cha mchana. Haikuzimika. Bwana Isidori alibaki amesimama na kitambaa mkononi utadhani mhudumu wa hoteli.

"Isidori," akasema Mzee Ramson, "huyu mthibitishe kazini leo hii. Na hicho kitambaa mrudishie mkeo."

Kunegunda alirudi nyumbani amethibitishwa, lakini maneno yalikuwa yamemtangulia. Mama yake, Natalia, hakuitikia hata salamu.

"Umetuvua nguo, Kunegunda. Mbele ya wanaume! Kanisani nitaingia na uso gani?"

"Walikuwa wananivua kazi, mama."

Mboga ya maboga ilikuwa ikitokota. Kunegunda akanyoosha mkono kuchukua chumvi, mama akauwahi.

"Wewe leo hapana. Mji mzima unajua ulivyo."

Kwao mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Husemwa kwamba watakaokula watapata kikohozi. Mama alikuwa ameishika miiko hiyo tangu usichana wake, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Mama, kompyuta ya wafadhili imeshikwa na mikono hii kutwa nzima na haikukohoa."

Akachota chumvi, akatia, akakoroga. Mama akakitazama chungu, kisha akamtazama binti yake. Akachukua mwiko, akaonja, akameza, akangoja kikohozi. Akaonja tena.

"Kumbe tumeonewa miaka yote hii," akasema, akaketi chini palepale jikoni.