Kila Kitu Chenye Kulala Chini

Kutu ikinyeshewa hutoa harufu inayokwenda kukaa nyuma ya ulimi, kama mtu aliyenyonya kijiko cha zamani. Kwetu Mapendo, mtaa mmoja wa Goma, harufu hiyo ilikuja na mvua za kwanza za Septemba, zilipoanza kupiga juu ya vitu vya Papa. Kiwanja chetu kilikuwa na nyumba ya mbao ya vyumba viwili, na sehemu yote iliyobaki, kuanzia mlangoni hadi njiani, ilikuwa ya vitu hivyo: mabati yaliyotoboka, mlango wa friji, milango miwili ya gari isiyofanana rangi, springi za kitanda, vidumu vilivyopasuka, matairi yaliyochunwa, miti ya chukudu bila magurudumu, magurudumu ya chukudu bila chukudu, na mabeseni yaliyojaa rulmani, zile pete za chuma zinazofanya gurudumu lizunguke. Chini ya hayo yote hapakuwa na udongo, bali mawe meusi ya volkano, makali, yaliyoganda kama uji uliomwagika. Mvua ilipokatika, maji mekundu yalitiririka kutoka kwetu hadi kwenye avenyu, na kila jirani aliyeruka kijito kile alijua kilikotoka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliwajua walioruka kwa kusonya na walioruka kimya, na wa kimya ndio niliowaogopa zaidi.

Papa alikuwa ameshusha mizigo kwa chukudu kutoka milima ya Masisi kwa miaka mingi, viazi na makaa na mbao, akisimama juu ya kile chombo cha mti chenye magurudumu mawili na kuteremka nacho kama aliyepanda ng'ombe mkali. Siku moja goti lake lilivunjika kwenye mteremko, na tangu hapo akawa fundi wa chukudu za wenzake. Fundi wa aina hiyo hanunui vifaa dukani, anavikusanya. Alikuwa na msemo mmoja tu, akiba haiozi, na aliutumia kujibia kila swali, hata swali la kwa nini tunalala na injini ya pikipiki chini ya kitanda. Mimi nilikuwa mtoto wa aina nyingine kabisa. Nilipanga madaftari yangu kwa urefu. Nilichana ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Kutoka shule nilizunguka kwa avenyu ya nyuma ili wenzangu wasijue ninaingia lango lipi, ingawa kusema kweli hatukuwa na lango: ua wetu wa matete tulikuwa tumeuchoma kupikia, kipande kwa kipande, na mahali pake palibaki wazi, kila apitaye akituona.

Ng'ambo ya njia aliishi Mama Kavira, mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo. Uwanja wake ulifagiliwa mara mbili kwa siku, na maua yake yalisimama katika makopo yaliyopakwa rangi moja. Niliupenda uwanja ule kuliko kanisa. Likizo ile Mama yangu alikuwa Rutshuru akimwuguza bibi, kwa hiyo nilishinda kwenye baraza la Mama Kavira nikimchagulia maharage, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo linanitia haya. Alinitazama akasema, "Furaha, mutoto mzuri kama wewe, unalalaka namna gani katika ile takataka?" Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema kwamba ile ni kazi ya Papa. Badala yake nilijibu, "Hata miye nasikia haya, mama. Ni muzuri mumwambie shefu." Ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Shefu wa avenyu alikuja Jumatatu, daftari kwapani. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyechukia ugomvi, na Mama Kavira alikuwa nyuma yake ili asipate nafasi ya kuutumia upole wake.

"Papa Furaha, hii yote iko nini?" akauliza shefu.

"Iko kazi yangu, shefu."

"Kazi gani inalala inje miaka mbili?" akadakia Mama Kavira. "Panya ziko zinatoka kwako zinakuja kula maharage yangu. Zimenona kuliko watoto wako!"

Watu waliokuwa wakipita wakacheka. Papa akacheka pia, kwa adabu, huku akilisugua goti lake. Shefu akafungua daftari lake, akatamka hukumu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: Jumamosi ni salongo, siku ya usafi wa wote, avenyu nzima itafagia kama kawaida, na mara hii lori litapita. "Kila kitu chenye kulala chini katika parsele hii, kitapanda lori. Kila kitu. Ni vile nimesema." Kesho yake asubuhi nilimkuta Papa amekaa juu ya tairi, beseni katikati ya miguu, akichambua rulmani moja moja kama anayechambua mchele, akitafuta chache za kuficha ndani. Bila zile nyingine hakukuwa na ufundi, na bila ufundi, kwa goti lile, hakukuwa na kazi nyingine iliyomngoja katika mji huu. Nilikuwa nimetaka uwanja safi. Sikuwa nimefikiria kwamba uwanja safi ungekuwa baba yangu ameketi mikono mitupu.

Kitabu changu cha usafi cha shule kilisema kwamba taka za nyumbani huchimbiwa shimo. Niliamini vitabu kuliko macho yangu, na bado nina ugonjwa huo. Nikachukua mtaimbo, nikachagua pembe ya uwanja, nikaanza kuchimba ili nifukie mali ya Papa hadi lori lipite. Mtaimbo uligonga, ukaruka, ukanitetemesha hadi menoni. Nikajaribu pembe ya pili, kisha ya tatu. Kutwa nzima nilipata shimo ambalo lisingetosha kuficha sufuria. Yeyote aliyekiandika kitabu kile hakuwa amekanyaga Goma, ambako hata marehemu wanatafutiwa nafasi kwa sururu, lakini mimi nilizaliwa hapa na sikuwa na kisingizio. Siku ya pili nilirudia. Papa alinitazama, akauliza, "Furaha, unatafuta petroli?" Sikucheka. Nilikuwa nalia kwa hasira, malengelenge yamepasuka viganjani.

Nilipoutupa mtaimbo, niliubeba mlango wa friji niliokuwa nimekusudia kuuzika kwanza, nikauegemeza kwenye rundo la mawe kando ya njia, nikaketi. Mbuzi wa jirani wa nyuma, ambaye kila adhuhuri aliingia kwetu kana kwamba analipa kodi, akaja kama kawaida. Akafika kwenye mlango ule. Akaunusa. Akasimama akiwaza, kisha akageuka akarudi kwao. Nilimtazama mbuzi, nikautazama mlango wa friji, nikasimama nikiwa tayari nimeanza kukimbia. Kitu kisichoweza kuingia ardhini kinaweza kusimama juu yake, na kitu kilichosimama mpakani mwa kiwanja hakuna anayekiita takataka. Kinaitwa uzio.

Zilibaki siku tatu. Kwetu nguzo hazichimbiwi, zinabanwa kwa mawe, kwa hiyo nilirundika mawe ya volkano pande mbili za kila mti wa zamani wa chukudu mpaka ukakataa kutikisika. Kisha nikaanza na mabati, milango ya gari, springi za kitanda. Papa alikuja akichechemea na rundo la mipira ya ndani ya matairi, akaikata kamba ndefu nyembamba, akaanza kufunga, na fundo lake lilikuwa fundo la mtu aliyefunga magunia ya viazi kwenye miteremko ya Masisi: halilegei. Tuligombana mara moja tu. Mimi nilitaka rangi zifuatane, buluu kwa buluu, na juu pote pawe sawasawa. Nilifungua sehemu ya katikati mara tatu kwa sababu iliinama. Alasiri ya Ijumaa mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mabati ya nyumba, mabeseni bado yako chini, nami nilikuwa nikiifungua mara ya nne. Papa akanishika mkono. "Mutoto, shefu hatakuja na rula." Nikaiacha imeinama. Nilihisi kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu, lakini niliiacha, na mvua ilipoanza tulikuwa tukipigilia misumari kwa upande wa ndani na kuning'iniza rulmani, magurudumu na springi, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliiona akiba ya Papa yote kwa jicho moja. Haikuwa uchafu. Ilikuwa nyingi tu.

Jumamosi avenyu nzima ilikuwa nje na mifagio na vitambaa vichwani. Lori lilikuja likinguruma nyuma ya shefu. Alifika mbele yetu, akasimama, akaingia uwanjani. Mawe meusi, yaliyofagiwa na kuoshwa na mvua ya jana, yaling'aa pande zote.

"Papa Furaha, takataka iko wapi?"

"Takataka gani, shefu?"

Kicheko kikapita avenyu nzima kana kwamba mtu amevuta kamba. Mama Kavira akatupa ufagio wake, akatembea kando ya uzio akigonga kila kitu kwa ngumi: "Lakini ni vitu vile vile! Huu mulango naujua! Hii gari naijua!" Shefu akashika sehemu ya katikati, ile iliyoinama, ile niliyoiogopa, akaitikisa kwa mikono miwili. Uzio haukusogea hata unywele. Akapangusa viganja, akafungua daftari, akasoma maneno yake mwenyewe. "Mama, nilisema kila kitu chenye kulala chini. Hizi ziko zimesimama." Watu wakapiga vigelegele, dereva wa lori akapiga honi, na kijana mmoja wa chukudu akachungulia juu ya mlango wa gari, akapaza sauti: "Papa, tangu zamani uko na magurudumu ya vile na unanyamaza? Ile ya pili, unauzisha?" Kabla ya jua la mchana Papa alikuwa amepata kazi ya juma zima.

Nilimwungamia Papa siku ileile, mbele ya sahani ya ugali niliyoshindwa kula. Nilimwambia nani aliyempeleka Mama Kavira kwa shefu. Aliendelea kutafuna. "Nilijua," akasema. "Mutu asiyekuwa na kosa hawezi kuchimba jiwe siku mbili." Akanisogezea kipande chake cha samaki.

Leo avenyu yetu ina kuta za matofali ya saruji zinazopita kichwa cha mtu mzima, zenye vigae vya chupa juu. Viwanja ni visafi, au angalau hakuna anayeweza kusema si visafi, na ugomvi kama ule wa Mama Kavira na Papa hauwezekani tena kwa sababu hakuna anayemwona mwenzake. Mimi ni fundi wa rafu na vibanda huko Birere, mtaa wa biashara. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuharibu mbao, na bado napima mara tano kazi ambayo wengine wanapima mara moja. Mwaka jana nilimpelekea Papa matofali mia nne, nikamwambia sasa nitamjengea ukuta wa heshima, ulionyooka. Aliyatazama, akauliza kama nimechoka na maisha yake. "Wewe ndiye ulinifungulia duka," akasema, "leo unataka kunifungia?" Nikaita chukudu mbili, nikayarudisha matofali yote Birere, nikajijengea karakana. Kuta zake zimenyooka kabisa, nimezipima. Na asubuhi ya kwanza, kabla ya kufungua mlango, nilipigilia misumari kwa upande wa nje, nikatundika kila kitu ninachojua kutengeneza.