Herufi Iliyoitwa Mwiba

Mzee niliyemuuguza kwenye ghorofa moja la The Pearl, kisiwa cha matajiri, alikuwa Mjerumani, na maisha yake yote alifundisha maandishi ya kale. Binti yake, aliyefanya kazi hapa Doha, alimleta akae naye baada ya kupatwa na kiharusi. Mimi nilitoka mtaa wa Najma kila asubuhi kuja kumwogesha na kumnyoa.

Siku moja alichovya kidole kwenye povu la kunyolea, akachora kwenye kioo: mstari wima, na pembetatu ubavuni.

"Unaijua hii, sista?"

"Kama P iliyoshuka tumbo."

Akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Akaniambia ni "th" ya watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya. Waliichonga kwenye mbao na mawe. Huenda ilitokana na D ya Warumi, lakini hakuna mwenye hakika.

"Kwetu sauti hiyo ipo," nikamwambia. "Thamani."

"Samani," akajaribu.

"Hiyo ni meza na viti, Profesa!"

Akajaribu tena na tena, ulimi ukamgomea. Akaacha. Akasema kwa watu wale wa kale jina la herufi hiyo lilikuwa "jitu". Waingereza wakaiita mwiba, wakaiingiza kati ya herufi za Kilatini. Baadaye waandishi wakaiachia tumbo wazi, ikawa haitofautiki na Y. Mitambo ya kuchapia ilipotoka ng'ambo haikuwa nayo, na herufi ikafa. Imebaki Aislandi tu.

"Nilitaka kuiandikia kitabu," akasema. "Nimechelewa."

Kiharusi cha pili kilimkuta kitandani. Aliporudi kutoka hospitali hakuwa na neno hata moja. Nilimnyoa, nikaichora ile herufi kwa povu, nikamshika mkono aipitishie kidole. Mkono ulikuwa mzito, kama wa mtu mwingine. Alitazama kioo kama anayetazama uchafu, kisha akafumba macho.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Acha, sista. Unamtesa bure."

Nikafuta kioo. Sikujaribu tena, na sina hakika kama nilimtii au nilichoka.

Alifariki kabla joto halijapungua. Binti akamsafirisha kwao, na vitabu vyake vikabaki kwenye makasha karibu na lifti, vikisubiri gari la taka. Ajenti wangu wa kazi akanipeleka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwa bibi ambaye hajui hata jina lake mwenyewe. Namlisha, namfuta mdomo. Hatuzungumzi.