Nimefuga Bahari Sebuleni kwa Sababu ya Mtu Niliyemwacha Mtoni

Admin, nakuomba jina langu lisionekane popote, maana wanangu na wajukuu wanafuata ukurasa huu. Mimi ni baba wa miaka sitini na sita, mkulima na mfugaji wa Nyakahura, Biharamulo. Walionizidi umri nawapa shikamoo. Hili ninaloandika nimelibeba zaidi ya miaka arobaini. Mke wangu mwenyewe nimemwambia juzi tu.

Sebuleni kwangu kuna tangi la kioo lenye urefu wa mita tatu, limejaa maji ya chumvi, matumbawe hai na samaki wa baharini. Watu wanatoka mpaka Ngara kuja kuliona. Siku samaki walipofika, mke wangu alisimama mlangoni akauliza, "Baba Kulwa, wote hawa na hawaliwi?" Katekista naye alikuja, akazitazama zile taa za buluu, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu nimejiunga nacho. Wote niliwajibu kwamba ni starehe ya uzeeni. Niliwadanganya.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, familia yetu ilikuwa imetoka Shinyanga na ng'ombe, ikapangwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikiwa mstari mmoja. Vita ya Kagera ilipoanza nikachukuliwa kutoka mgambo. Huko nikapangwa na kijana wa pwani ya kusini, nitamwita Sefu. Alinicheka kwa jinsi nilivyosema "balua" badala ya barua, lakini ndiye aliyekuwa akiniandikia hizo barua za kwenda nyumbani. Alikuwa amezamia baharini tangu mtoto. Tukiwa kwenye handaki alinihadithia mawe yanayokua kama mimea, na samaki wa rangi ya chungwa anayelala ndani ya kiumbe chenye sumu bila kudhurika. Mimi sikumwamini. Akasema, "Vita ikiisha nitakupeleka ukaone kwa macho yako, mtu wa ng'ombe wewe."

Asubuhi moja mimi na Sefu, wawili peke yetu, tulikuwa tunavusha masanduku ya risasi kwenye mto Kagera. Boti ikayumba, nikaanguka. Sijui kuogelea mpaka leo. Sefu alijitupa majini bila kuambiwa na mtu, akanisukuma mpaka nikashika mafunjo ya ukingoni. Yeye mkondo ukamvuta. Buti na mkoba vilikuwa vizito. Alinyoosha mkono akasema, "Nirushie mkanda." Hakupiga kelele, alisema kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Mkanda nilikuwa nao kiunoni. Niliogopa kwamba nikiachia mafunjo nitarudi majini, basi nikampa mgongo nikapanda ukingo. Nilipogeuka, mto ulikuwa mtupu.

Jioni afande akauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nikasema sijamwona tangu asubuhi. Akaniangalia. "Ametoroka?" Ningesema amezama, angeniuliza nilikuwa wapi na nilifanya nini. Nikajibu, "Nadhani, afande." Akaandika. Mimi nilirudi nyumbani nikapokelewa kwa ngoma, na mpaka leo kwenye sherehe za mashujaa huwa naitwa mbele nikae na wakubwa.

Miaka mitatu iliyopita nilifunga safari kwenda kijijini kwao niseme ukweli. Wazazi wake nilikuta wamekufa. Dada yake yupo, nimwite Mwanaidi, ni mwenyekiti wa kikundi kinachopandikiza matumbawe kwa kibali. Alinikaribisha, akaniwekea chakula, akasema, "Kaka, mbona umetoka mbali hivyo, una shida gani?" Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikafungua mdomo nikasema, "Natafuta matumbawe ya kufuga nyumbani."

Tangi hili limetokana na sentensi hiyo. Nilishindwa kurudi nyuma. Mwanaidi akanifundisha kwa simu, hatua kwa hatua: nichanganye chumvi maalumu na maji yaliyochujwa, niweke mawe, nisubiri wiki kadhaa maji yakomae, nisikimbilie samaki. Pampu za mawimbi zikae wapi, betri ya sola ya kukinga umeme ukikatika iwe kubwa kiasi gani, yote alinielekeza. Vipande vya matumbawe vilikuja kwa ndege mpaka Mwanza, kwenye mifuko yenye hewa. Kipande kimoja kikipauka, ananifariji kama tumefiwa. Mimi nikiingiza mkono kusafisha kioo, kila mara nangoja kushikwa na mkono mwingine. Siku moja nilipiga ukelele mpaka mjukuu wangu akaanza kulia.

Siku nyingine Mwanaidi alinieleza kwa simu habari za kaka yake, hajui anamwambia nani. "Alitoroka vita. Baba alikufa hataki jina lake litajwe. Mama alimwekea sahani mpaka mwisho." Yeye anaamini kaka yake alivukia Uganda, akaoa huko, akaona aibu kurudi.

Sasa anakuja. Ijumaa anapanda basi, anataka kuliona tangi, kisha avuke mpaka akamtafute kaka yake akiwa na picha yake ya ujana. Ameniomba nimsindikize, kwa kuwa mimi ni mwenyeji wa huku. Nilipomweleza mke wangu yote, akasema, "Mwache kwanza ale, apumzike, halafu umwambie." Mimi naona kumlisha kwanza ni kumdanganya tena. Naogopa chuki yake, naogopa wanangu watakavyoniangalia. Zaidi naogopa kwamba nitafungua mdomo na utatoka uongo mwingine, kama ule wa kwanza.

Jana kanipigia, sauti yake imechangamka, anauliza kama huko Uganda kuna baridi, kwa sababu anataka kumnunulia kaka yake sweta na hajui kama imtoshe mtu mnene au mwembamba. Nimemwambia achukue kubwa.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwambie kwa simu kabla hajapanda basi, au nimngoje nimwambie uso kwa uso? Nifanye nini?